Kamera Mbili na Picha Moja ya Emmaculate

Kwa Bi. Sumeya Idarous,
Mshauri wa wasomaji, gazeti la Jirani Mwema, Ruiru.

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na wote wa nyumbani kwako na wote mnaofanya kazi katika ofisi hiyo, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta na afya njema kama inavyoniacha mimi, mzee wa miaka sabini na minane, nikiwa mzima isipokuwa goti la kushoto. Naomba radhi kwa kuchelewa. Wiki tatu zilizopita ulitualika wasomaji wako tukuandikie juu ya jambo lolote linalotulemea, nami niliketi na kalamu asubuhi iliyofuata. Lakini barua ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa na lawama nyingi kwa watu wengine, ya pili nikaichana kwa sababu ilizungumzia kamera tu, na hii ya tatu naituma jinsi ilivyo, nikijua kwamba nikiisoma tena nitaichana nayo. Naomba radhi pia kwa mwandiko, ambao walimu wangu wa misheni wasingeukubali.

Jina langu ni Nicanor Owino. Nilisomea huko magharibi mwa nchi, nikaja Thika nikiwa kijana, nikawa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda kimoja cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja, na hadi leo naishi Makongeni katika nyumba ile ile niliyoishi na marehemu mke wangu, Apiyo, aliyetutoka miaka minne iliyopita. Watoto wetu ni wawili: Ouma, anayefanya kazi Mombasa, na Lynn, ambaye ni muuguzi na anaishi huko kwenu Ruiru. Ninachoomba msaada wako ni jambo jepesi kulitamka. Nina kamera mbili ndogo za kidijitali hapa mezani, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu ni lazima nirudishe moja. Sijui nirudishe ipi. Nisamehe kwa kukuletea jambo linaloonekana dogo, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho.

Watoto wangu walikubaliana kunizawadia kamera kwa siku yangu ya kuzaliwa, wakamalizana na Bwana Irshad, mwenye studio na duka la kamera mjini Thika, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyekuwa akinisafishia filamu zamani. Lynn aliuliza kwa nini nisinunuliwe simu nzuri, nikamjibu kwamba sitaki kifaa kinacholia wakati ninatazama. Irshad akaziweka kamera mbili juu ya kaunta.

“Mzee, hizi mbili zinakufaa, na bei ni moja. Chukua zote, tembea nazo, mwisho wa mwezi uniletee ile hutaki.”

“Na nikizipenda zote?”

“Basi utakuwa umeoa wake wawili, na mimi si kadhi.”

Nimetembea nazo, Bi. Sumeya, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kutazama nyuzi mpaka nione ule mmoja uliokatika, naweza kusema bila kusita kwamba hakuna mtu Thika nzima aliyezichunguza kamera hizi kuliko mimi. Nilichukua kipande kimoja cha kitenge nikakipiga picha kwa zote mbili, dirishani asubuhi, uani adhuhuri, na chini ya taa ya sebuleni, kisha nikazikuza picha nikahesabu mistari. Kamera ya kwanza, ambayo nitaiita ndogo, inaingia katika mfuko wa ndani wa koti langu pamoja na rozari na bado koti linafunga. Lenzi yake haitoki wala haiingii. Haivuti kitu cha mbali. Ukitaka uso uwe mkubwa, ni miguu yako inayotembea. Lakini inaamka upesi kiasi kwamba mtoto akianza kucheka unamkuta bado anacheka, na ndani ya nyumba inapiga picha kwa mwanga wa dirisha pekee, bila kumulika, ngozi ya mtu ikabaki na weusi wake na mng’ao wake badala ya kugeuka rangi ya majivu. Nilimpiga jirani yangu Barasa akila chakula cha mchana, akaitazama picha akasema, “Sasa hapa naonekana mtu amelipwa pensheni.” Kasoro zake nazijua: betri inakwisha kabla ya alasiri, kioo chake hakionekani vizuri juani, na vitufe vyake ni kama punje za wimbi kwa vidole vyangu.

Kamera ya pili, ndefu, ni nzito kidogo, na ukiiwasha lenzi inatoka kama shingo ya kobe. Nilikwenda nayo mpaka kwenye maporomoko ya Chania, nikasimama upande wa ile hoteli ya zamani, nikampiga picha ndege mdiria aliyetua kwenye jiwe la ng’ambo, na nilipofika nyumbani nikaweza kuhesabu manyoya ya shingo yake. Betri inakaa siku mbili. Kioo kinainuka ili usiiname, na goti langu linashukuru. Vitufe ni vikubwa. Lakini inachelewa, ndani ya nyumba watu hutoka na ukungu, au ukiwamulika wanatoka kama walioshikwa na polisi, na kila picha inaiandikia tarehe pembeni kwa tarakimu za manjano, ambazo mpaka leo sijagundua katika kile kitabu chake jinsi ya kuzizima.

Kwa hiyo kwa picha za kila siku, yaani watu, chakula, kwaya, nguo kwenye kamba, ndogo ni bora, nami ningelisema hilo mbele ya hakimu yeyote. Na hata hivyo siwezi kuirudisha ile ndefu. Naomba uniwie radhi kwa kukuzungusha. Sasa nafika mahali penyewe.

Apiyo, kama jina lake linavyosema katika lugha yetu, alikuwa wa kwanza kati ya mapacha. Aliyemfuata ni Emmaculate Adongo, shemeji yangu, ambaye yuko hai, anaishi mtaa wa Kamenu, hapa hapa Thika, na anasali nasi kanisa moja. Walipokuwa wasichana hata mama yao aliwatambua kwa sauti. Sasa, mimi nilikuwa na kamera ya filamu tangu mwaka wa sabini na tano, nikapiga picha za mitambo ya kiwanda, za kwaya, za mapadre waliokuja na kuhamishwa, za watoto wakipokea komunyo ya kwanza, na kila nilipomgeuzia Apiyo kamera alisema, “Piga hao watoto kwanza, mimi niko tu,” nami nikamwamini. Alipofariki tulipekua kila sanduku tukapata picha zake mbili: ya harusi yetu, ambamo ana miaka ishirini na miwili na shela imemfunika nusu ya uso, na ile ya kitambulisho, ambayo ilipokuzwa ilimfanya afanane na mtu anayetafutwa. Mwili ulikuwa uondoke Alhamisi kwenda nyumbani. Mchapishaji wa programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na wasifu, alitaka picha Jumanne kabla ya saa sita mchana, na wewe unajua jinsi watu wetu wa siku hizi wanavyoisema programu yenye jalada baya kuliko wanavyolisema jeneza bovu. Ndipo Ouma akaniambia:

“Baba, si Auntie yuko? Sura ni ile ile. Nani atajua?”

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Mimi mwenyewe niliweka kiti cha jikoni karibu na dirisha, nikamwita Emmaculate, nikamwambia tunataka picha ya kumbukumbu ya familia, nikamfunga kilemba cha dada yake, naye katika kulia kwake hakuuliza neno. Jumamosi, kando ya kaburi, akapokea programu akaona uso wake mwenyewe juu ya tarehe ya kuzaliwa, ambayo ni yake pia, na juu ya tarehe ya kufa. Hakupiga kelele. Aliikunja, akaitia mkobani, akaimba nyimbo zote mpaka mwisho, na watu walipokuwa wakinawa mikono kwa chakula akanijia.

“Shemeji,” akasema, “dada yangu mmemzika bila uso. Na mimi mmenizika niko hai.”

Tangu siku hiyo hajawahi kuniacha bila salamu. Ananiuliza goti linaendeleaje, ananitumia kunde na omena, wale dagaa wa ziwani. Lakini akiniona na kamera yoyote anahamia upande wa pili wa barabara, na ananiita kutoka huko, “Weka hiyo kitu mfukoni kwanza, ndio tuongee!” Mimi nami nimekuwa nikingoja siku inayofaa ya kulizungumza jambo lile, na miaka minne imepita.

Jumapili ya pili ya mwezi huu, baada ya misa, akina mama walikuwa nyuma ya ukumbi wa kanisa wakichambua maharagwe kwa ajili ya chakula cha wageni. Mimi nilikuwa kwenye tangi la maji, hatua sitini kutoka walipokuwa, nilizihesabu baadaye. Nilikuwa na ile kamera ndefu. Emmaculate alikuwa amevaa sweta ya kijani ya Apiyo, aliyopewa siku nguo za marehemu zilipogawanywa, na mtu mmoja akasema neno, naye akacheka huku mkono uko shavuni, vile vile, Bi. Sumeya, vile vile kabisa, na mimi nikaegemea tangi ili mkono usitikisike, nikaivuta lenzi mpaka mwisho, nikabonyeza mara moja. Katika miaka hamsini ya kupiga picha sijapata kupiga picha kama ile.

Irshad alinichapishia nakala mbili. Moja nimeiambatanisha hapa ili uone kwamba sitii chumvi. Nyingine niliitia katika fremu nikaiweka juu ya kabati, karibu na redio. Jumamosi iliyopita Lynn alikuja na mboga, akaingia sebuleni, akasimama.

“Baba! Hii picha ya Mum ulikuwa nayo wapi?”

Nikasema, “Ilikuwapo tu.”

“Miaka yote hii? Na ile sweta yake! Angalia vile anacheka, ai, Baba, na sisi tulizunguka nyumba yote tukitafuta!”

Akaketi chini sakafuni na fremu mapajani, akalia kama mtoto, kisha akacheka, kisha akampigia Ouma simu ya video. “Ouma, cheki. Cheki Mum.” Ouma akaisogeza simu yake karibu na macho. Halafu akasema, “Sasa huyo ndiye Mum. Si ile ya programu.”

Nilikwenda jikoni kutazama chai ambayo haikuhitaji kutazamwa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu ya Apiyo. Lynn ameipiga picha ile kwa simu yake, na amesema ataikuza iwe na ukubwa wa dirisha, isimamishwe mbele ya altare kati ya maua. Kiti cha Emmaculate ni safu ya mbele, upande wa kulia, mita tatu kutoka maua yanapowekwa. Lynn hajui. Ouma hajui. Emmaculate hajui.

Sasa unaona kwa nini sijui nirudishe kamera ipi. Ile ndogo inanitaka nisimame hatua mbili mbele ya shemeji yangu na kumwomba, nami jibu lake nalijua. Ile ndefu inanipa uso wa mke wangu bila kumsumbua mtu yeyote, na ningeweza kuupata tena Jumapili nyingine, na nyingine. Najiuliza ni nani aliyeumizwa. Watoto wamefurahi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Emmaculate amechambua maharagwe yake akaenda nyumbani kwake. Niko karibu sana kubaki na ile ndefu, na najua kutetea uamuzi huo, isipokuwa kila nikiichukua ndogo ili niifungashe kuirudisha, mkono unakataa, na sielewi kwa nini.

Nakuomba unishauri kwa ukali unaostahili. Majina yetu sote waweza kuyachapisha, langu, la watoto na la Emmaculate, kwa kuwa walimu wangu walitufundisha tusiandike barua bila majina. Naomba radhi kwa urefu wa barua hii na kwa karatasi yenye mistari. Nyeupe zilikwisha dukani.

Barua hii naikabidhi kwa Bwana Muriithi, muuza magazeti wa hapa Makongeni, ambaye huja Ruiru kila asubuhi kuchukua mafurushi yenu, na ambaye ameniahidi kuitia mkononi mwako mwenyewe.

Wako katika heshima,
Nicanor Owino

*

Mzee Nicanor,

Muriithi amenipa barua yako mkononi, akasimama hapo mpaka nikaifungua, eti aliahidi. Shikamoo, na pole. Pole kwa Apiyo kwanza, kabla sijakugombeza, maana nitakugombeza.

Tuanze na kamera, kwa kuwa ndilo swali uliloniuliza. Mimi sijui lenzi wala betri, kwa hiyo nilimsomea Githae, mpiga picha wetu, ule ukurasa wako wa kitenge na mdiria. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, “Huyo mzee hatafuti ushauri, ameshamaliza. Mimi mwenyewe sijawahi kupima kamera hivyo.” Ndogo ni bora kwa mtu anayepiga picha za watu. Umesema ungeliapa hilo mbele ya hakimu. Basi uape. Nunua betri ya pili uiweke mfuko ule mwingine, vitufe utavizoea, na juani jifunike kwa kofia ndipo utazame kioo. Githae ndiye aliyesema. Jumamosi umrudishie Irshad ile ndefu.

Hapo ningemaliza kama ungekuwa umeniandikia juu ya kamera.

Mzee wangu, umeniomba radhi kwa kuchelewa, kwa mwandiko, kwa udogo wa jambo, kwa kunizungusha, kwa urefu wa barua na kwa karatasi. Nimehesabu, ni mara sita, na mimi hujanikosea hata moja. Emmaculate uliyemzika hai umemwomba mara ngapi? Umeniandikia mwenyewe: unangoja siku inayofaa. Siku ipi hiyo? Yeye ana umri gani? Wewe una umri gani? Mwanamke huyu anakutumia omena na kunde kwa miaka minne, anauliza habari za goti lako kutoka ng’ambo ya barabara, na wewe bado unaangalia kalenda!

Halafu unaniuliza nani ameumizwa. Picha uliyoniambatanishia iko hapa mbele yangu. Ni nzuri, usiniulize mara mbili. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Lakini ile kamera ndefu, uliniambia, huandika tarehe ya manjano pembeni mwa kila picha na hujajua kuizima. Kwenye picha hii hakuna tarehe. Kuna ukingo wa chini uliokatwa kwa mkasi, ukapinda kidogo kuelekea kulia. Nakala yangu imekatwa. Nina hakika na ile ya kwenye fremu imekatwa, la sivyo Lynn, ambaye ni muuguzi na kazi yake ni kusoma tarehe, angeiona. Kwa hiyo usiniambie kwamba Lynn alikosea nawe ukakosa nafasi ya kumsahihisha. Uliushika mkasi kabla Lynn hajabisha hodi. Uongo huu uliukata mwenyewe, mezani pako, ukiwa umevaa miwani.

Na kuna jambo la tatu, ambalo limeniudhi kuliko mkasi. Unanipa ruhusa ya kuchapisha jina la Emmaculate. Nani alikupa? Mara ya kwanza ulichukua uso wake kwa kumdanganya. Mara ya pili ukauchukua kwa kujificha nyuma ya tangi la maji. Sasa ni jina, na unalitoa kwa adabu nyingi, huku ukitaja walimu wako. Ndiyo sababu mkono wako unakataa kuifungasha ile kamera ndogo, Mzee Nicanor. Mkono wako una adabu kuliko hoja zako. Ile kamera inakulazimisha umkaribie mtu na kumwomba, na wewe unajua ndivyo ulivyopaswa kufanya tangu siku ile ya kiti cha jikoni.

Nitakwambia neno gumu, na nalisema nikiwa mjane kama wewe. Uso wa Apiyo wa uzeeni huna. Haupo. Emmaculate si akiba yake. Wakati yule mama anacheka kwenye picha hii, anamchekea mtu aliyekaa kushoto kwake, ambaye kamera yako imemkata abaki kiwiko tu. Wewe hukumwuliza mtu huyo ni nani wala alisema nini, kwa kuwa hukuwa unamtazama Emmaculate. Ulikuwa unamtazama aliyekufa. Inaeleweka, nani asiyetazama? Lakini aliye hai naye anataka kutazamwa, na amekaa hatua sitini kutoka kwako akichambua maharagwe.

Sasa nisikilize. Leo ni Jumatatu. Nakala ya jibu hili nampa Muriithi akuletee leo hii, na gazeti linachapwa Alhamisi jioni.

Leo mpigie Lynn simu. Usimwandikie, mpigie. Mwambie, “Ile si Mama yako, ni mama yako mdogo, nami niliikata tarehe.” Atalia, na atakukasirikia, na pengine hatakuletea mboga wiki moja. Vumilia. Mwache yeye amweleze Ouma, kwa kuwa Ouma naye ana lake la kukumbuka kuhusu programu ile. Picha iliyo kwenye simu zao ifutwe mpaka mwenyewe aseme.

Mbele ya altare isimame picha ya harusi. Na kando yake iweke ile ya kitambulisho unayoionea haya. Unasema inamfanya afanane na mtu anayetafutwa. Je, humtafuti? Ni yeye, Mzee, ni uso wake mwenyewe, aliupeleka mwenyewe kwenye foleni ya serikali siku moja bila kusema upige watoto kwanza. Watu waione.

Kesho, nenda Kamenu. Nenda mchana, bila kamera, hata ile ndogo. Usianze na picha ya maharagwe. Anza na kiti cha jikoni. Mwombe msamaha kwa programu, kwa maneno kamili, bila kuchanganya na mchapishaji, wala Ouma, wala saa sita mchana. Ukimaliza hapo, nyamaza mpaka aseme neno. Ndipo umwonyeshe picha ya maharagwe, umwambie ulisimama wapi na mkasi ulifanya nini. Akitaka kuichana, mpe. Akitaka kukufukuza, toka. Akitaka chai inywewe, kunywa.

Na umuulize kuhusu jina lake. Nimemwambia mhariri asiupange ukurasa huu mpaka mwenyewe akubali. Nikikosa neno kutoka kwake kufikia Alhamisi adhuhuri, nafasi hii itajazwa na tangazo la mbolea, na mimi na wewe tutakuwa tumeandikiana barua za faragha tu.

Nakala ya picha uliyonitumia naitia katika bahasha hii hii. Muriithi ataifikisha Makongeni. Kutoka Makongeni kwenda Kamenu mchukuzi ni wewe mwenyewe.

Bi. Sumeya Idarous

*

Kwa wasomaji: Alhamisi, saa tano asubuhi, Muriithi alirudi ofisini na karatasi yenye mistari, iliyokunjwa mara nne. Mwandiko si wa Mzee Nicanor. Nauchapisha ujumbe kama ulivyo, kwa idhini ya mwenyewe:

“Mama Sumeya, jina andikeni. Shemeji alikuja, akasema yote, nikamwacha aseme mpaka chai ikakauka. Aliyenichekesha siku hiyo ni Zainab wa vitumbua, alikuja kutusaidia, na kile alisema si cha gazeti. Jumapili ijayo Shemeji akuje na hiyo kamera ndogo atupige sisi wawili, mimi na Zainab, na asimame karibu nimwone. Lakini ile picha ya maharagwe msichape. Nimeiweka kwa kabati yangu, ni ya programu ya siku yangu, na siku yangu bado.”